H, V na N

Nilibandua herufi tatu, H, V na N, nikazichomeka ndani ya fulana, halafu nikazisogeza zile zilizobaki mpaka zikakaa kama zimezaliwa pamoja. Huo ndio ujinga wenyewe, nimeutanguliza ili tusichoshane. Najua unavyosikika. Vipande vya boksi tu, kwani nini? Hata mimi nilijitetea hivyo hivyo kichwani kwa muda mrefu, na nilikuwa wakili mzuri sana, maana hakimu alikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo. Mmepita humo, mnajua. Mtoto anayesubiri matokeo ni hatari kuliko panya wa Kariakoo. Hana shule, hana kazi, na ana akili nyingi ambazo hakuna aliyemwambia azipeleke wapi. Sasa hivi niko kidato cha nne, nina ndevu za kuazima, na walimu bado wananitoa nje kwa kuchekesha darasa. Ila kuna aina moja ya utani nimeiacha, na nikiulizwa kwa nini huwa nabadilisha mada.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Juzi mama alinituma nitafute kipande cha bati nyuma ya kabati, ofisini kwake, mtaa wa Gerezani, nikavuta kitu cheusi nikidhani ndicho. Ilikuwa V. V ya boksi, imepakwa rangi nyeusi, imejikunja kwa unyevu, mgongoni bado ina mkanda wa gundi. Nikainusa. Sijui mtu mwenye akili zake ananusa boksi kwa sababu gani. Ilinuka gundi, vumbi, na kwa mbali kabisa iliki. Nikairudisha pale pale. Mama akauliza, "Umeona?" Nikasema sijaona.

Ile ofisi mama anaiita ofisi, lakini ni fremu iliyobanwa kati ya muuza spea na mchomelea vyuma, ukiingia lazima umruke mtu. Mama ni fundi mabango. Baba alibaki Masasi na korosho zake, mama akaja mjini na brashi. Amechora milango ya maofisi ya Posta, amechora majina ya maduka, amechora "Hapa hatukopeshi" za kila aina. Na sijisifii kwa sababu ni mama yangu, lakini "Usikojoe hapa" ya mama ndiyo nzuri kuliko zote Ilala. Watu wanasimama wanaisoma mpaka mkojo unawatoka akilini.

Siku zile alipata kazi Mchafukoge. Jengo lenyewe ni la zamani, chini maduka, juu nyumba ya kuishi yenye balkoni inayotazama barabara. Kwenye ukuta wa balkoni, upande wa nje, kulikuwa na herufi za saruji zilizotokeza, nene kama mikate: KUSUM BHU. Baada ya hapo, kovu. Bomba la maji lilivuja miaka na miaka likala mwisho wa jina. Jina kamili lilikuwa Kusum Bhuvan, lakini nani ana muda. Bodaboda wote walipaita Kusumbu. "Nipo hapa Kusumbu, njoo." "Shuka Kusumbu, vuka barabara." Mimi nilijua habari zaidi ya bodaboda, kwa hiyo nikakosea zaidi yao. Niliamini Kusum Bhuvan ni mwanaume, jina la kwanza Kusum, la ukoo Bhuvan, tajiri mwenye tumbo, aliyekwenda nje ya nchi na funguo za sefu. Nilishamchora kabisa kichwani, hadi mvi za masikioni. Hakuna aliyenirekebisha kwa sababu sikuwahi kumuuliza mtu. Unaulizaje kitu unachokijua?

Juu aliishi Ba. Hilo nalo nilijua ni jina lake, Ba, kama wengine wanavyoitwa Bi au Da. Alikuwa bibi wa Kihindi, mdogo wa umbo, sari yake imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi kama karatasi ya keki. Miguu yake haikutaka tena ngazi. Alikuwa hashuki kabisa, basi akawa anashusha kikapu kwa kamba. Unakiona kikapu kinashuka taratibu mbele ya uso wako, ukitazama juu yupo Ba ameegemea ukuta. "Mudi, baba, samahani, nakusumbua?"

Mudi ndiye aliyekuwa na meza ya kava za simu chini ya jengo. "Hunisumbui Ba, sema."

"Kiberiti tu, na ndizi kama si usumbufu."

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapo, hakuwahi kuishi kwingine. Na kila alipotaka kitu, hata kitu kidogo kama kiberiti, kilitanguliwa na neno hilo, nakusumbua, kama mtu anayebisha hodi. Kikapu kilipopanda na mzigo, kilishuka tena na chevda, ule mchanganyiko wao wa karanga na dengu, kwenye karatasi, au kipande cha kitu kitamu chenye iliki. Mimi na Mudi tulikuwa tunaigiza. Nikitaka anipishe kiti namwambia kwa sauti nyembamba, "Mudi, baba, samahani, nakusumbua?" Naye anaanguka kwa kicheko. Hatukumaanisha ubaya. Tulimpenda Ba. Lakini nikisema hivyo sasa hivi, naona inavyokaa vibaya mdomoni.

Mwanawe Ba anaitwa Jitu. Nisameheni, mimi na jina kama hilo tungefanyaje? Mtu mwembamba kama mpini wa ufagio, mpole, anavaa kalamu mfukoni, na anaitwa Jitu. Siku ya kwanza alipoingia ofisini Gerezani akasema, "Mimi Jitu," nilitoka nje kwenda kucheka kwa mchomelea vyuma. Anko Jitu aliishi Masaki na alitaka mama yake akaishi naye huko, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Ile nyumba ya juu aigeuze stoo ya mizigo kama walivyofanya majirani wote, na jengo alipake rangi alipatie jina jipya, moja la yale majina yanayoishia na Plaza, lenye taa. Ba alikataa. Alisema yeye na jina watatoka pamoja. Walivutana, na kwa kuwa wote ni watu wa taratibu, walivutana taratibu, hadi wakakubaliana hivi: apatikane fundi wa kuzirudisha zile herufi zilizoliwa, zifanane na wenzao hadi mtu asijue ipi mpya ipi ya zamani. Fundi akiweza, jina linabaki na Ba anabaki, mpaka achoke mwenyewe. Fundi akishindwa, Ba anakwenda Masaki.

Mafundi walikuja na kompyuta zao. Walileta V, A na N za plastiki zilizokaa pale kama meno ya bandia. Ba alizitazama kwenye picha akasema hapana. Ndipo mtu akamtaja mama.

Mama alianza kwa kusimama ng'ambo ya barabara asubuhi nzima bila kufanya kitu. Mimi nilichoka hadi nikakaa. Baadaye akapanda kwenye mirunda ya wapaka rangi, ile miti iliyofungwa kupandia ukutani, akabandika karatasi nyepesi juu ya kila herufi, akasugua makaa mpaka umbo likajitokeza. Tulikaa na yale makaratasi sakafuni Gerezani kama watu wanaosoma picha za hospitali.

"Angalia hii U," aliniambia. "Mguu wa kushoto mnene kuliko wa kulia."

"Imevimba, mama. Ina matende."

"Na hii?"

"M imekaa chini. Tumbo limegusa sakafu."

"S?"

"S ni mjamzito."

Alicheka, mama yangu huwa anacheka nikisema kitu cha kweli. Alitafuta kwenye simu, akaenda hadi kwa vijana wa stika wenye mashine, herufi za kila namna zikapita kwenye skrini, hakuna iliyofanana. "Hizi hazikutoka kwenye mashine," alisema. "Kuna mtu alizivuta kwa mwiko, saruji ikiwa mbichi. Na mtu mwenye mkono kama huu hakufanya jengo moja akaenda kulala."

Basi tukaanza kumtafuta fundi tusiyemjua, kwa kutembea tukitazama juu. Jaribu siku moja kutembea Kariakoo ukitazama juu. Utatukanwa na kila mkokoteni. "Mama, unatafuta mwezi?" "Dogo, ng'ombe wewe, shusha macho." Nilikanyaga nyanya za watu, nikagonga sanamu ya dukani nikaiomba radhi. Lakini nilianza kuona mji ambao sikujua upo. Juu ya kelele zote, juu ya mabango ya simu na magodoro, kulikuwa na majina ya zamani yamekaa kimya kwenye kuta, yenye mwaka na ua la saruji pembeni, mengine yamefunikwa nusu na viyoyozi. Mama aliyasoma kama anavyosoma nyuso. Huyu siye. Huyu siye. Huyu alikuwa na haraka.

Tulimpata upande wa kuelekea Gerezani, nyuma ya bango la masanduku ya safari. Bango lilipeperushwa na upepo likafichua neno: NIVAS. Mama alinishika bega.

"S," alisema.

S ilikuwa mjamzito. Kichwa kidogo, tumbo limeshuka, mkia umepinda kwa ndani kidogo kama mtu anayeona haya. Ile ile. Na hapo hapo, kwenye neno moja, N, V na A, zote tatu tulizozikosa, kama mtu aliyetuwekea. Muuza masanduku alituazima ngazi, akasema kwa miaka yote aliyofanya kazi chini ya lile neno hakuwahi kujua lipo. Mama alisugua makaa huku akizisemesha zile herufi. Nilimwona. Sikumtania.

Kuzikata ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuzipanga. Mama alizikata zote kwanza kwa boksi gumu, jina zima, akazipaka nyeusi, ili Ba na Anko Jitu waone kabla hajagusa saruji. Alizitandaza sakafuni, akanisimamisha juu ya meza.

"Ipi iko mbali?"

Nikachukua rula.

"Weka rula chini. Mwaga maji."

"Maji gani?"

"Ya kichwani. Fikiria unamwaga maji kati ya herufi na herufi. Kila pengo lijae sawa. V na A ukizipima kwa rula zinakimbiana, moja imeegemea huku, nyingine kule. Zisogeze mpaka maji yawe sawa."

Nilimwaga maji ya kichwani siku nzima. Nilimkejeli, nikajifanya nazama, nikaomba boya. Lakini kuna wakati, sijui nilifanyaje, niliona. Nikasema A iingie ndani kidogo, mama akaisogeza kwa kidole cha mguu, na neno zima likatulia kama mtoto aliyenyamaza. Mama alinitazama tu pale juu ya meza, kidogo zaidi ya kawaida.

Siku ya kuonyesha, tulizibandika asubuhi juu ya zile za zamani, zilizokuwa zimepakwa rangi ya ukuta zisionekane kwa mbali, na juu ya kovu, tukiwa tumesimama kwenye ubao wa mirunda. Anko Jitu alisema atakuja baada ya chakula cha mchana. Mama akagundua amesahau pima maji ofisini. Alisema, "Nakwenda Gerezani narudi. Kaa hapa, usiguse."

Nilikaa. Nilikaa vizuri kabisa kwa muda ambao nadhani unastahili kuandikwa. Kisha bodaboda mmoja chini akamwelekeza abiria kwa simu, "Hapa Kusumbu, kaka, wanaweka jina," na mimi nikatazama zile herufi zilizokuwa mbele ya pua yangu, kubwa, nyeusi, K, U, S, U, M, B, H, U, V, A, N. Nikaona. Yaani ilijisoma yenyewe. A ilikuwa imefika, na Kusumbu ilikuwa inaisubiri miaka yote.

Nikabandua H. Nikabandua V. Nikabandua N.

Mtu mwingine angeishia hapo, akaacha mapengo kama mdomo wa kibogoyo, watu wakacheka, yakaisha. Mimi sikuweza. Mapengo yaliniudhi. Nikasogeza U karibu na B, nikamwaga maji. Nikaingiza A ndani kidogo. Nikarudi mwanzo nikaivuta KUSUM yote kulia ili neno likae katikati ya ukuta, maana lilikuwa limelemea upande mmoja. Nilifanya kazi kwa utulivu ambao sijawahi kuufanyia kitu chochote shuleni. Jasho lilinitoka. Nilikuwa na furaha.

Kichwa cha Ba kikatokeza juu yangu, juu ya ukuta wa balkoni. Kutoka pale alipo aliona utosi wangu na kingo za juu za herufi tu.

"Dikra," alisema. Aliniita hivyo siku zote, na mimi nilidhani ananikosea jina. "Unafanya nini?"

"Nazinyoosha, Ba."

"Zimekaa vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Zinafanana na zile?"

"Zile zile, Ba."

Akanipa kwa juu kipande cha ule utamu wake wenye iliki, nikakipokea kwa mdomo kwa sababu mikono ilikuwa na gundi, akacheka. "Basi nashuka nizione," alisema.

Nilijua hashuki. Hilo ndilo nililojiambia. Ba na ngazi? Nikateremka mirunda mbio, nikavuka barabara, nikageuka.

Ilikuwa nzuri. Lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri sana. KUSUMBUA, kwa herufi za fundi yule wa zamani, nene, zenye haya, zimetulia katikati ya ukuta uliopakwa rangi mpya kana kwamba jengo lilijengwa kwa ajili ya neno hilo. Mudi alitazama, akasoma, akashika meza yake asianguke. "Sele, wewe mbwa," alisema huku machozi yakimtoka. "Wewe si mtu." Akatoa simu, akapiga picha. Bodaboda wakaja. Mtu akasoma kwa sauti ya mtangazaji, mwingine akasema huyo mwenye nyumba amewapasha wapangaji wake. Nilisimama katikati yao, mikono mfukoni, kama baba wa bwana harusi. Herufi tatu zilinikwaruza tumbo ndani ya fulana.

Mlango wa ngazi ukafunguka, akatoka Ba.

Alikuwa amemshikilia Dada Zuhura, anayemsaidia kazi za nyumbani, na mkono mwingine ukutani. Alikuwa amebadili sari. Amevaa ya kijani yenye ukingo wa dhahabu, na alikuwa amepaka mafuta nywele. Alishusha mguu, akapumzika, akashusha mwingine. Watu walipisha. Magari yalisimama, kweli yalisimama. Mudi mwenyewe alikimbia na kiti cha plastiki akakiweka ng'ambo, upande wetu. Nilikuwa na muda wote wa kupanda mirunda na kurudisha jina. Nimelifikiria hili mara nyingi. Nilikuwa na muda. Lakini wale watu wote walikuwa wamecheka, na nilitaka wacheke kidogo tena.

Ba alifika, akakaa, akajifuta uso kwa ncha ya sari. Kisha akainua macho.

Alisoma polepole, midomo ikitembea. "Ku-sum-bu-a."

Hakuna aliyecheka. Ajabu, wote waliokuwa wamecheka walikuwa wanatazama viatu vyao. Mudi aliweka simu mfukoni. Kwenye kona mama yangu akatokea na pima maji mkononi, akaona ukuta, akaona watu, akamwona bibi kwenye kiti, na akatupa pima maji chini, kitu ambacho fundi hafanyi. Alikuja mbio akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Bi Kusum," alisema. "Shikamoo, Bi Kusum. Subiri kidogo. Siyo hivyo lilivyo, Bi Kusum, kuna kosa limefanyika."

Mimi nikatazama huku na huku kumtafuta huyo Bi Kusum.

Ndivyo nilivyojua. Hakukuwa na tajiri mwenye tumbo. Bhuvan kwa lugha ya kina Ba ni jumba, na Ba ni mama, hata bibi, na dikra ni mwanangu. Mume wake alipojenga lile jengo aliandika mbele yake jumba la Kusum, na Kusum ndiye huyu, wakati huo bado bibi harusi, akasimama barabarani, pale pale tuliposimama sisi, akimtazama fundi akivuta S kwa mwiko. Mama alikuwa ameambiwa yote hayo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye chumba hicho hicho, nakula chevda.

"Marahaba, mama," Ba alijibu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Herufi nzuri sana. Nimeziona." Kisha akamgeukia Dada Zuhura. "Nipandishe. Samahani, nakusumbua."

Akalisikia neno hilo likimtoka. Nilimwona akilisikia. Akafunga mdomo, akaushika mkono wa Dada Zuhura, wakavuka.

Mama hakuniuliza ni nani. Alinyoosha mkono tu, nikatoa H, V na N kutoka kwenye fulana, zimelowa jasho. Alipanda, akarudisha jina. Anko Jitu alipofika alikuta KUSUM BHUVAN, akasimama ng'ambo, akaweka mkono kifuani. "Mama, umeweza," alimwambia mama yangu. "Hata mimi sijui ipi mpya." Alipanda ngazi anaruka kumpa Ba habari njema. Alipoteremka alikuwa anatembea kama mtu aliyesahau alichofuata. "Anasema basi," alisema. "Anasema niandike ninachotaka. Anauliza Masaki tunakwenda lini." Alitutazama mmoja mmoja. "Nini kimetokea?"

Mama alimweleza. Halafu akanishika mkono juu kidogo ya kiwiko, tukapanda wote.

Ba alikuwa amekaa kitandani na ile sari ya kijani. Chumba kilinuka iliki. Mama akasema, "Sema." Nikasema. Nilisema ni mimi, ni mimi peke yangu, Ba, Bi Kusum, nilikuwa nacheza. Nililia, na nilipolia kidogo nilitumaini kwamba kulia kutasaidia.

Ba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama mama juu ya kichwa changu, kwa upole, kama mtu anayemkatalia mgeni zawadi.

"Mama, usimbebeshe mtoto," alisema. "Mtoto hawezi kupanga vile. Ile ilipangwa na mtu mzima." Akalainisha sari kwenye magoti. "Miaka mingi nawaomba watu, kila siku kikapu, kila siku kikapu. Wamechoka, hawasemi. Leo wamesema. Tena kwa adabu, kwa herufi nzuri. Siwalaumu."

"Ba, ni mimi kweli," nilisema.

"Ndiyo, dikra," alisema, akanipa kitu kitamu.

Alikwenda Masaki. Sikumwona tena. Tulisikia msiba ulipotokea, mama akaenda, mimi nikasema nina mtihani. Jengo lina jina linaloishia na Plaza, na taa yake moja imeungua. Mudi aliifuta picha ile siku hiyo hiyo bila kuambiwa, na hatukuigiza tena, ingawa wakati mwingine tulibaki tumetazama juu tukisubiri kikapu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile mimi na mama tulibandua herufi zote za boksi, yeye juu ya ubao, mimi chini napokea. Hakunipiga. Nilisubiri kila herufi iwe ya mwisho ili anipige. Tulitembea hadi Gerezani na lile furushi, tukapita chini ya NIVAS, hakuna aliyeinua macho. Ofisini alizipanga nyuma ya kabati, akafunga rangi, akaosha mikono na mafuta ya taa, akajifuta kidole kimoja kimoja. Nikasema, "Mama, sema basi chochote." Akatundika kitambaa kwenye msumari wake. Na hivi ndivyo alivyosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Nafasi uliziweka sawa. Ungezikosea kidogo tu, angekuamini."